Pikipiki ya motokrosi na enduro: namna ya kuitunza, kuirekebisha na kuiendesha

Pikipiki ya barabarani huhesabiwa kilomita. Ya motokrosi au enduro, yaani ya kuendeshwa nje ya lami, huhesabiwa saa. Injini ya cc 250 ya mipigo minne huweza kupita mizunguko 13,000 kwa dakika, pistoni yake ni fupi na nyepesi, na oili yake mara nyingi haizidi lita moja na kidogo. Imetengenezwa iwe na nguvu, si ikae miaka kumi bila kufunguliwa. Anayeihudumia kama pikipiki ya kwendea kazini atainunulia injini nyingine mapema.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununua, kabla ya stika na hendeli za rangi, ni mita ya saa. Waya wake huzungushwa mara chache kwenye waya wa plagi, nayo huanza kuhesabu injini inapowaka. Weka na daftari: saa ngapi oili ilibadilishwa, filta ilioshwa lini, valvu zilipimwa zikasoma ngapi. Kitabu cha kiwanda cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho kwa kila kipimo. Tarakimu zilizo hapa ni za kawaida kwa pikipiki nyingi za aina hii.

Kuosha bila kuharibu

Subiri injini ipoe. Ziba mdomo wa ekzosi kwa kizibo cha mpira, toa filta ya hewa na ufunge mahali pake kwa kifuniko cha kuoshea. Mwagia maji ya kawaida kwanza ili tope lilainike, paka sabuni, sugua kwa brashi, suuza. Kama unatumia mashine ya presha, isielekezwe kwenye ekseli, beringi za hendeli, linkeji ya shokapu, sili za foku (miguu miwili ya mbele yenye springi) wala cheni. Maji ya presha hupita kwenye sili, husukuma grisi nje, na beringi huota kutu ndani huku nje ikionekana safi. Rejeta nayo iogope presha: mapezi yake hulala, hewa haipiti, injini inachemka.

Ukimaliza, ondoa vizibo, rudisha filta safi, washa injini dakika mbili tatu ili joto likaushe maji yaliyojificha, kisha ipake cheni mafuta. Cheni iliyooshwa ikaachwa hivyo hivyo huamka asubuhi na kutu.

Filta ya hewa

Hapa ndipo injini nyingi hufia, kwa hiyo tukae kidogo. Filta ya pikipiki hizi ni sponji, mara nyingi ya tabaka mbili, na sponji peke yake haizuii vumbi laini. Kinachokamata vumbi ni oili nzito yenye kunata iliyolowana ndani yake. Sponji kavu ni sawa na kutokuwa na filta.

Vumbi likipita huchanganyika na oili kwenye kuta za silinda na kuwa kama msasa wa majimaji. Ringi na silinda hulika, mgandamizo hushuka. Kwenye injini za mipigo minne lina kazi nyingine mbaya: hukwangua uso wa valvu za kuingiza hewa, ambazo nyingi ni za titani zilizopakwa tabaka jembamba gumu. Tabaka hilo likiisha, valvu huanza kuzama kwenye kikalio chake, nafasi yake hupungua hadi kufikia sifuri, na valvu haifungi vizuri tena. Dalili yake ni pikipiki iliyokuwa inawaka kwa kiki moja sasa inataka kumi, hasa ikiwa baridi. Wengi hukimbilia kusafisha kabureta. Pima valvu kwanza.

Hatua zenyewe ni hizi:

1. Futa vumbi juu ya boksi la hewa kabla ya kulifungua. Legeza boliti, vuta filta taratibu bila kuigongesha ukutani, uchafu usidondoke kwenye njia ya hewa.

2. Ingiza kidole kilichofungwa kitambaa cheupe kwenye mpira wa kuingizia hewa, upande wa ndani baada ya filta. Kitambaa kitoke safi. Kikitoka na vumbi, kuna mahali panavuja: mdomo wa filta haukukaa vizuri, sponji imechanika kwenye gundi, fremu ya plastiki imepinda, au bano la mpira limelegea. Usirudishe filta mpaka umepapata.

3. Ziba njia ya hewa, kisha safisha boksi zima.

4. Osha sponji kwa dawa maalumu ya filta au mafuta ya taa, mbali na moto. Petroli usiitumie: hulegeza gundi inayoshikanisha tabaka za sponji, na mvuke wake hulipuka kwa cheche ndogo tu. Minya kwa viganja. Usiikamue kama nguo, itachanika.

5. Ioshe tena kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza kutoka ndani kwenda nje ili uchafu urudi ulikotoka. Rudia hadi maji yatoke meupe.

6. Anika kivulini mpaka ikauke kabisa. Oili haishiki kwenye sponji yenye maji.

7. Vaa glavu, mimina oili ya filta, kanda kama unga wa chapati hadi rangi iwe moja kila mahali. Ukiona doa jeupe, hapo vumbi litapita. Minya iliyozidi, acha filta ikae dakika kadhaa oili iwe nzito.

8. Paka grisi nyembamba kwenye ukingo unaogusa boksi, weka filta, zungusha kidole pande zote uhakikishe hakuna mkunjo, kisha kaza boliti kwa kiasi.

Lini? Kwenye vumbi zito, kila baada ya siku ya kuendesha. Wenye busara huwa na filta tatu: moja kwenye pikipiki, mbili zimeshapakwa oili na kufungwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Oili na petroli

Kwenye injini nyingi za mipigo minne oili moja hulainisha pistoni, giaboksi na klachi. Unga wa sahani za klachi na vumbi la gia vyote huzunguka ndani ya lita moja hiyo. Ndiyo maana hubadilishwa kila saa 5 hadi 10, mapema zaidi kwa anayeshindana. Tumia oili yenye alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki zenye klachi ya namna hii. Oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inayofanya kazi ndani ya oili huishi kwa msuguano. Ikikosa, huteleza kila ukifungua mafuta, yaani ukizungusha hendeli kuongeza kasi.

Washa injini dakika tatu hadi tano, izime, fungua boliti za kumwagia (nyingine zina mbili), inamisha pikipiki kidogo pande zote. Tazama sumaku ya boliti: unga laini wa kijivu ni wa kawaida, lakini vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha vinataka injini ifunguliwe. Boliti iwekewe pete mpya ya kuzibia (washa). Kabla ya kutoa filta ya oili angalia imekaa upande gani, maana ikirudishwa kinyume huziba njia ya oili na injini huungua ikiwa na oili tele ndani. Jaza kiasi kilichoandikwa, washa dakika tatu, zima, subiri nyingine tatu, ndipo usome kiwango pikipiki ikiwa wima.

Injini za mipigo miwili zina oili ya giaboksi peke yake, na pistoni hulainishwa na oili inayochanganywa kwenye petroli. Kwa kila lita ya petroli: uwiano wa 32:1 ni mililita 31, 40:1 ni mililita 25, 50:1 ni mililita 20, 60:1 ni mililita 17. Dumu la lita 10 kwa 40:1 linataka mililita 250. Pima kwa chombo chenye mistari, mimina oili kwanza pamoja na nusu ya petroli, tikisa, malizia. Kuongeza oili "kwa usalama" bila kurekebisha kabureta kuna madhara yake: oili imechukua nafasi ya petroli, kwa hiyo petroli inayofika kwenye silinda ni pungufu na mchanganyiko huwa mkavu zaidi. Uchanganye wa kutosha siku chache tu.

Cheni

Kosa kubwa ni kuikaza cheni kupita kiasi. Ikiwa kwenye stendi, gurudumu la nyuma likining'inia, cheni inapaswa kuonekana imelegea. Ukikaa na shokapu ikashuka, gurudumu hurudi nyuma kadiri swingamu, ule mkono unaolibeba, inavyopanda. Cheni hufikia mkazo wake wa mwisho pale ekseli ya nyuma, pini ya swingamu na sproketi ndogo (gia ya cheni upande wa injini) zinapokuwa kwenye mstari mmoja. Kama haikuachiwa nafasi, unapotua kutoka kwenye mruko nguvu yote hiyo hubebwa na cheni pamoja na beringi ya sproketi ndogo. Beringi hiyo na sili yake ndizo huanza kuvujisha oili. Zikifuatiwa na cheni kukatika, inaweza kupasua kasha la injini.

Zungusha gurudumu utafute sehemu ambayo cheni imekaza zaidi, maana haichakai sawasawa. Pima hapo. Kwenye enduro nyingi, vidole vitatu vilivyolala kati ya cheni na swingamu, mwisho wa mpira wa kukingia, huwa kipimo cha karibu. Kitabu kitakupa milimita kamili na mahali pa kupimia. Legeza nati ya ekseli, zungusha boliti za kurekebishia robo kwa robo, idadi sawa kila upande. Alama za kiwandani zisikuridhishe peke yake: chuchumaa nyuma ya pikipiki, fumba jicho moja, utazame cheni kutoka sproketi kubwa hadi ndogo. Inyooke kama uzi.

Kabla ya kukaza ekseli, ingiza kitambaa kilichokunjwa kati ya cheni na sproketi, rudisha gurudumu nyuma mpaka likwame. Hilo huvuta ekseli mbele ikabana kwenye boliti zake. Kaza nati kwa spana ya kupimia nguvu ukiwa umelibana gurudumu hivyo, toa kitambaa, kisha pima tena, kwani kukaza kwenyewe hubadilisha kipimo.

Pini ya kuungia cheni ina klipu yenye upande uliofungwa na upande wenye mpasuo. Upande uliofungwa utangulie kuelekea cheni inakokwenda; ukiwekwa kinyume, jiwe au kijiti kinaweza kuichomoa. Kujua kama imechakaa, pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21 cheni ikiwa imevutwa. Cheni ya saizi ya 520 ina milimita 15.875 kati ya pini na pini, kwa hiyo mpya itasoma 317.5. Ikifika karibu 321 imerefuka asilimia moja, na ni wakati wa kutafuta nyingine, pamoja na sproketi zote mbili. Cheni mpya juu ya sproketi yenye meno yaliyopinda kama ndoana huisha haraka.

Magurudumu

Upepo wa tairi upimwe likiwa baridi. Kuanzia psi 12 hadi 14, yaani karibu bari 0.8 hadi 1, hufaa sehemu nyingi. Kwenye mawe panda hadi 15 au 16, la sivyo tyubu itabanwa kati ya rimu na jiwe itoboke matundu mawili sambamba. Geji ya magari inayosoma hadi psi 60 haifai hapa, tofauti ya psi moja haionekani. Nati ya shina la valvu isikazwe kwenye rimu; ipandishe ikabane kifuniko. Tairi likiteleza juu ya rimu, shina litaegemea upande nawe utaona kabla halijakatika. Likiegemea, kibano cha rimu, kile kinachozuia tairi lisiteleze, kimelegea.

Spoku zigonge moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza hulia kwa mlio mkali. Iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Anzia karibu na kibano cha rimu, maana hapo hulegea kwanza, na usizidishe robo mzunguko kwa mara moja. Gurudumu jipya likaguliwe baada ya nusu saa ya kwanza, kisha kila siku mpaka zitulie.

Kuipima shokapu kwa uzito wako

Pikipiki isiyopimwa kwa uzito wa mpanda haiwezi kupinda vizuri, hata dereva awe hodari. Mtu mmoja ashike pikipiki, mwingine apime. Chagua alama kwenye matagadi ya nyuma, wima juu ya ekseli, upime milimita kutoka ekseli hadi hapo. Gurudumu likiwa hewani, tuseme inasoma 610. Iteremshe, ibonyeze mara mbili tatu, iache isimame kwa uzito wake: 575. Vaa vifaa vyote, simama juu ya vikanyagio: 507. Mbonyeo wa pikipiki tupu ni milimita 35, na wa mpanda ni 103.

Lenga 100 hadi 105 kwa mpanda, na 30 hadi 40 kwa pikipiki tupu. Rekebisha ya mpanda kwanza kwa kukaza au kulegeza pete ya springi. Ikishafika, tazama ile nyingine. Ikiwa chini ya 30, springi ni laini kwa uzito wako, imebidi uikaze mno ikubebe. Tafuta ngumu zaidi. Ikizidi 40, springi ni ngumu mno. Hakuna skrubu nyingine itakayoficha springi isiyo sahihi.

Foku za springi hukusanya hewa. Gurudumu la mbele likiwa juu, legeza skrubu ndogo za hewa juu ya foku kabla ya kuondoka. (Foku za hewa usiziguse hivyo, hewa ndiyo springi yake.) Sili ikianza kuvuja, shusha mpira wa vumbi upitishe kipande chembamba cha plastiki laini kuzunguka mdomo wa sili. Mara nyingi ni punje ya tope iliyonasa, wala sili haijafa.

Juu ya pikipiki

Kofia yenye alama ya ECE 22.06 (kiwango cha usalama wa kofia), miwani, buti ngumu za motokrosi, vikinga magoti, kifua na mgongo, glavu. Kofia iliyopigwa chini kwa nguvu hubadilishwa, hata kama haina ufa.

Panga vishikio vya breki na klachi ukiwa umesimama: mkono ukinyooka, kidole kimoja kifike bila kukunja kifundo. Boliti zake zikazwe kiasi cha kishikio kuweza kuzunguka kwa nguvu ya mkono, ili ukianguka kizunguke badala ya kuvunjika.

Simama nyayo za mbele zikiwa juu ya vikanyagio, magoti yamekunjwa kidogo yakibana tangi, viwiko nje, macho mbali. Mikono ikijaa na kukaza baada ya dakika kumi, mara nyingi unashikilia pikipiki kwa vidole badala ya magoti.

Kwenye kona, breki zimalizike kabla ya kuinamisha. Kaa mbele karibu na tangi, mguu wa ndani nyooka kuelekea ekseli ya mbele, kiwiko cha nje juu, uzito ukanyage kikanyagio cha nje, tazama mwisho wa kona. Kisha fungua mafuta kidogo mapema. Wanaoanza hubana klachi katikati ya kona na pikipiki huelea bila kutulia.

Mchangani usifunge mafuta ghafla, gurudumu la mbele huzama. Rudi nyuma kidogo, acha hendeli icheze mikononi, geuza kwa vikanyagio.

Mlimani chagua gia ukiwa chini. Ukikwama katikati, usifungue mafuta wala usibane klachi: acha injini izimike ikiwa kwenye gia, shika na breki ya mbele. Breki ya mbele peke yake haitashika, kwa sababu uzito wote umehamia nyuma. Shuka upande wa juu wa mteremko, ilaze, izungushe ielekee chini.

Ikinywa maji

Pikipiki ikizama mtoni na kuzimika, usipige kiki wala kubonyeza stata. Maji hayagandamiziki, konekting rodi (mkono unaoshika pistoni) itapinda. Ivute nchi kavu, fungua boksi la hewa umwage maji, ukamue filta kwa viganja. Toa plagi. Inua mbele, pikipiki isimame kwa gurudumu la nyuma, ekzosi imwage. Ya mipigo miwili unaweza kuipindua magurudumu juu. Kisha, mafuta yakiwa wazi kabisa na waya wa plagi ukiwa umewekwa mbali na tundu, piga kiki polepole hadi maji yaishe kurushwa. Mwaga na bakuli la kabureta, kausha plagi, rudisha, washa.

Tazama oili kwenye dirisha lake. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji na haifai kuendelea nayo safari. Ibadilishe, washa injini dakika tano bila kuiendesha, ibadilishe tena, na mara ya tatu kama weupe umebaki. Filta ya oili ibadilishwe kila mara, na ile ya hewa uipake oili upya kabla ya kukutana na vumbi.